Usaili wa grinikadi ya ndoa: mume na mke wajiandae vipi

Barua ya kuitwa kwenye usaili wa grinikadi, yaani kadi ya ukazi wa kudumu Marekani, ni fomu I-797C. Hutaja siku, saa na ofisi ya USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) mnayotakiwa kufika. Ikishafika, wanandoa wengi hukimbilia maswali yanayozunguka mitandaoni: mwenzio hulala upande gani wa kitanda, mswaki wake rangi gani. Hayo yaacheni kwanza. Ndoa ya kweli huweza kukwama kwa karatasi zinazopingana, au kwa watu wawili kujibu maswali mawili tofauti huku kila mmoja akiamini wamejibu moja. Na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mitego yetu wenyewe katika hilo la pili.

Mwongozo huu ni wa wanandoa ambao wote wapo Marekani: mmoja ni raia au mkazi wa kudumu, mwenzake ameomba grinikadi kwa fomu I-485. Mwombaji aliye nje huhojiwa ubalozini, na utaratibu wake ni mwingine.

Faili kwanza

Tengeni jioni mbili. Toeni nakala za kila mlichotuma: I-130 (ombi la raia au mkazi kwa ajili ya mwenzi wake), I-130A (taarifa za mwenzi huyo), I-485 na fomu ya udhamini I-864. Zisomeni kwa sauti, mstari kwa mstari, wote wawili, hata kama alizijaza wakili. Zisomeni kwa makini zaidi kama alizijaza yule ndugu wa kanisani au msikitini anayejua Kiingereza. Afisa atakuwa na fomu hizo hizo mbele yake, na sehemu kubwa ya usaili ni yeye kuzipitia na kuuliza kama yaliyoandikwa ni kweli. Aliyetia sahihi ndiye mwenye fomu. "Mimi sikuijaza" haisaidii.

Mkikuta kosa au jambo lililobadilika, kama kazi mpya, mtoto aliyezaliwa au nyumba mliyohamia, liandikeni kwenye karatasi moja na mlitaje wenyewe mara afisa anapofika kwenye mstari huo. Kosa linalotajwa na mwombaji ni sahihisho. Likigunduliwa na afisa, linakuwa swali. Mkihama, fomu AR-11 ya kubadili anwani inatakiwa ndani ya siku 10. Kama mlisahau, ijazeni leo.

Kisha kumbukeni faili la zamani. Ombi la viza ya matembezi au ya masomo liliuliza kama umeoa au umeolewa. Bahati nasibu ya viza iliuliza hivyo hivyo. Aliyepitia kambini, Nyarugusu au Kakuma, alihojiwa kuhusu familia yake kabla ya kupandishwa ndege, na majibu yake yamehifadhiwa. Ikiwa huko uliandikwa una mke ambaye leo humtaji, au hukuwataja watoto ambao leo unawataja, afisa ataliona. Kama ni kweli kwamba karani alikosea, lielezeni hilo kwa maandishi mkiwa na ushahidi. Kama ulisema uongo wakati ule, usiingie chumbani kabla ya kuonana na wakili.

Majina nayo yana kazi yake. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu, na kila ofisi imeyapanga ilivyopenda: cheti cha kuzaliwa kina mawili, pasipoti ina matatu, cheti cha ndoa kina Mohamed na leseni ina Muhammad. Tayari fomu zinauliza majina yote uliyowahi kutumia; yaandikeni yote, hata yale yaliyotofautiana herufi moja tu. Vilevile tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari. Kama hiyo ndiyo iliyo kwenye karatasi zako zote, itumie na ueleze ukiulizwa. Usije ukataja siku halisi uliyoambiwa na mama mbele ya afisa kwa mara ya kwanza.

Ndoa zilizotangulia

Hapa ndipo pa kuchimba zaidi, maana kosa la hapa halirekebishwi kwa maelezo. Kila ndoa ya awali, ya mume na ya mke, lazima iwe na hati ya kuonyesha iliisha, na iliisha kabla ya tarehe ya ndoa ya sasa. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa ivunjwe kwa amri ya mahakama. Barua ya talaka aliyoiandika mume, au hati ya baraza la usuluhishi kwamba upatanishi umeshindikana, ni hatua za njiani. Zanzibar na Kenya kuna mahakama za kadhi kwa ndoa za Kiislamu, na hati ya mahakama hiyo ndiyo ya kutafuta. Kama mwenzi alifariki, leteni cheti cha kifo. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi. Mkigundua kwamba talaka ilikamilika baada ya harusi yenu mpya, ndoa hiyo ina kasoro ya kisheria hata kama mna watoto watatu. Hilo ni la wakili, kabla ya usaili.

Jambo jingine linalowashtua Waislamu kutoka Tanzania: chini ya sheria hiyo ya 1971, ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa inaruhusu mke zaidi ya mmoja mpaka ionyeshwe vinginevyo. Kwa hiyo afisa anaweza kuuliza. Fomu I-485 nayo inauliza kama unakusudia kuishi na wake wengi Marekani. Jibu la mwenye mke mmoja asiye na mpango mwingine ni "hapana", bila hotuba ya dini. Mwenye mke mwingine nyumbani asijibu "hapana" kwa kubahatisha. Aonane na wakili.

Karatasi za kubeba

Leteni hati halisi pamoja na nakala: pasipoti (na ya zamani iliyokwisha muda), I-94 (rekodi ya kuingia Marekani), vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili na watoto, cheti cha ndoa, hati za talaka, uthibitisho wa uraia au ukazi wa mdhamini, na barua ya usaili. Karatasi isiyo ya Kiingereza iwe na tafsiri kamili, na mtafsiri athibitishe kwa sahihi yake kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo mbili. Vyeti vingi vya Tanzania vina lugha mbili, lakini angalieni muhuri na maelezo ya mkono: mara nyingi sehemu hizo ni za Kiswahili tupu.

Upande wa fedha, mdhamini alete ritani ya kodi (tamko la mapato kwa serikali) ya mwaka wa karibuni, fomu W-2 ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka, stakabadhi za mshahara za miezi sita na barua ya mwajiri. Kipato kinachotakiwa kwa kawaida ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa kaya ya watu 2, mwaka 2025 kilikuwa dola 26,437. Kisipofika, hutafutwa mdhamini mwenza. Kuhusu uchunguzi wa afya, fomu I-693, tangu tarehe 2 Desemba 2024 hutakiwa kutumwa pamoja na I-485. Walioomba kabla ya hapo bila kuituma waipeleke kwenye bahasha iliyofungwa na daktari, na wasiifungue hata kwa kuchungulia.

Ushahidi wa maisha ya pamoja upangeni kwa miaka, kuanzia mlipofahamiana hadi wiki iliyopita. Mkataba wa pango wenye majina mawili, bima ya gari na ya afya, akaunti ya benki, bili, risiti za Western Union au M-Pesa za wakati mlipokuwa mbalimbali, picha kumi na tano au ishirini zilizochapishwa na kuandikwa nyuma: nani, wapi, lini. Usilete albamu nzima ya harusi. Picha mia mbili za siku moja zinathibitisha siku moja; picha moja ya Idi, moja ya mahafali ya mtoto na moja ya msibani zinaonyesha miaka.

Akaunti ya pamoja isiyotumika, iliyofunguliwa mwezi mmoja kabla ya usaili na kuwekewa dola hamsini, inadhuru kuliko kutokuwa nayo. Ikiwa kwenu kila mtu hutunza pesa zake na mume ndiye hulipa kodi ya nyumba, semeni hivyo na mwonyeshe malipo yenyewe.

Kodi ya serikali ndiyo inayowaumbua wengi. Hali yako ya ndoa kwa mwaka mzima hupimwa tarehe 31 Desemba. Waliofunga ndoa Novemba kisha wakajaza ritani kama wasioolewa, kwa sababu mtayarishaji alisema watapata marejesho makubwa, wameiambia IRS, mamlaka ya kodi, kwamba hawana ndoa na USCIS kwamba wanayo. Sahihisho la ritani hufanywa kwa fomu 1040-X. Ifanyeni kabla ya usaili na mbebe nakala.

Mitego ya Kiswahili

Saa. Mke anasema mumewe hutoka saa moja asubuhi, mkalimani asiye makini anatafsiri saa 1, na mume anayejibu kwa Kiingereza anasema 7. Kubalianeni na mkalimani mapema kwamba atageuza saa ya Kiswahili, au tajeni kwa kufuata tukio: kabla ya jua kutoka, baada ya watoto kwenda shule.

Ukoo. "Mumeo ana ndugu wangapi?" Mume anahesabu waliozaliwa na mama yake, anasema wanne. Mke amewahi kusalimiana kwenye simu na kaka zake kumi na mmoja, wakiwemo wana wa baba mdogo na wa mama mkubwa. Wote wamesema kweli, na kwa afisa wote wanaonekana hawajuani. Andikeni mti wa ukoo: wa tumbo moja, wa baba mmoja, binamu, waliolelewa nyumbani. Mkiulizwa, tajeni aina kabla ya idadi. Mtoto wa kaka yako unayemwita "mtoto wangu" naye awekwe mahali pake, maana watoto wote wa kuzaa wanapaswa kuwa kwenye fomu.

Tarehe ya ndoa. Mahari ilitolewa Agosti, nikaha Desemba, cheti cha serikali Machi, sherehe kubwa Juni. Ukiulizwa mlifunga ndoa lini, jibu ni tarehe iliyo kwenye cheti mlichowasilisha. Mengine yafuate kama maelezo.

Na kiwakilishi "yeye": Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume, mkalimani hukisia. Tajeni majina.

Mkalimani ni juu yenu kumleta, na pamoja naye mtatia sahihi fomu G-1256, tamko la usaili wenye mkalimani, mbele ya afisa. Awe mtu mzima mwenye kitambulisho, asiwe mwenzi wako, wakili wako wala shahidi wenu. Tafuteni anayekijua Kiswahili chenu hasa. Anayezungumza cha Bukavu au Lubumbashi, na kutaja tarehe na tarakimu kwa Kifaransa, atapotezana na mkalimani aliyekulia Unguja.

Chumbani

Fikeni dakika kumi na tano kabla, simu zizimwe. Afisa atawaapisha kwa kuinua mkono wa kulia. Baada ya utambulisho hupitia fomu, halafu maisha yenu: mlikutanaje, nani alimwambia nani wazo la kuoana, nani alihudhuria, nyumba ina vyumba vingapi, jana usiku mlikula nini. Jibu fupi, kisha nyamaza. "Sikumbuki" ni jibu halali kama hukumbuki; tarehe ya kubuni ndiyo hatari. Msiangaliane kuomba msaada, na mume asimjibie mkewe, hata kama kwenu ndiyo adabu. Kuinamisha macho kwa heshima si kosa, ila sauti isikike. Hamna haja ya kushikana mikono kama hamna desturi hiyo.

Kwenye maswali ya ndiyo na hapana ya I-485, sikilizeni hadi mwisho. "Uliwahi kukamatwa?" inajumuisha kesi iliyofutwa, leteni hati ya mahakama. "Uliwahi kudai ni raia wa Marekani?" inawanasa waliotia tiki kwenye fomu ya kazi au kujiandikisha kupiga kura wakichukua leseni, na madhara yake ni mazito mno. Hapo, au kwenye amri ya kufukuzwa nchini, au kuingia bila kukaguliwa mpakani, nendeni na wakili aliyewasilisha fomu G-28 ya kuwawakilisha. Wakala wa mtaani anayejaza fomu kwa dola mia hawezi kuwawakilisha.

Afisa akiwa na shaka anaweza kuwatenganisha na kumuuliza kila mmoja maswali yale yale. Huitwa usaili wa Stokes, kutokana na kesi ya New York ya miaka ya 1970. Maandalizi yake si kukariri. Kaeni usiku mmoja mpitie siku ya jana, kila mmoja kwa karatasi yake: aliyeamka wa kwanza, aliyepika, ufunguo ulikaa wapi, nani alizima taa. Mtagundua mlichokiona tofauti. Kama mmoja wenu ni dereva wa malori na hulala nyumbani siku sita kwa mwezi, semeni kabla ya kuulizwa, na leteni rekodi za safari.

Ndoa ya kutafutia makaratasi adhabu yake ni kifungo hadi miaka 5, faini hadi dola 250,000, au vyote viwili, na anayebainika hufungiwa njia ya maombi yajayo hata akija kuoa kwa mapenzi.

Baada ya hapo

Msipojibiwa siku ile, msihesabu kuwa mmekataliwa. Ikija barua ya kuomba ushahidi zaidi, tarehe ya mwisho imeandikwa humo. Ikija ya kusudio la kukataa, muda hauzidi siku 30, na wakili atafutwe siku hiyo hiyo. Mkikubaliwa ndoa ikiwa haijafikisha miaka 2, kadi itakuwa ya miaka 2 tu. Fomu I-751, ya kuomba sharti hilo la miaka 2 liondolewe, hutumwa na wote wawili pamoja ndani ya siku 90 kabla haijaisha, ikiwa na ushahidi mpya tangu siku ya usaili. Faili la bili na picha liendelee kujazwa kuanzia jioni ile ile mnaporudi nyumbani.