Titi linapovimba kwa mama anayenyonyesha: tiba ya viungo na mkono mwepesi

Mama anayenyonyesha akiamka na titi lililovimba, lenye joto na bonge linalouma, mara nyingi huambiwa nyumbani alikande kwa nguvu kwa maji ya moto mpaka bonge liyeyuke. Desturi ya kumkanda mzazi ina faida zake, lakini titi lenye uvimbe haliihitaji. Bonge hilo si maziwa yaliyoganda ndani ya mrija mmoja, bali ni nyama ya titi iliyojaa majimaji, ikaibana mirija ya maziwa kutoka nje. Kulibinya ni kama kubinya kifundo cha mguu kilichoteguka: vijishipa vya damu huumia na uvimbe huzidi.

Anza kwa baridi. Funga barafu katika kitambaa, iweke juu ya titi kwa dakika 10 hadi 15, na urudie kila saa ukipenda; asiye na barafu atumie kitambaa kilicholowekwa maji baridi.

Kisha fuata kazi ya kusaidia majimaji yaondoke kupitia mishipa ya limfu, yaani mishipa midogo inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Lala chali, mkono wa upande unaouma ukiwa juu ya kichwa. Kwa ncha za vidole, zungusha ngozi taratibu mara 10 juu ya mtulinga (mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani), karibu na shingo, halafu mara 10 kwapani, kwa kuwa njia za mbele hufunguliwa kwanza ndipo majimaji ya nyuma yapate pa kupita. Baada ya hapo papasa kutoka kwenye chuchu kuelekea mtulinga na kwapa. Uzito wa mkono uwe ule unaotumia kumpapasa mtoto mchanga utosini: ngozi isogee, nyama iliyo chini yake isibonyee. Ukisikia maumivu, umezidisha nguvu.

Hospitalini, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, anaweza kutumia ultrasaundi ya tiba, yaani mawimbi ya sauti yanayopitishwa kwenye titi, ambayo si ile ya kupiga picha ya mimba. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wanaoshughulikia unyonyeshaji, unataja mawimbi ya megahezi 1, kwa nguvu ya wati 2 kwa kila sentimita ya mraba, dakika 5, mara moja kwa siku hadi nafuu ipatikane. Ni tiba nzuri kwa aliye karibu na huduma, ila kwa maoni yangu mama wa mbali asijilaumu kwa kukosa nauli ya kila siku, maadamu barafu na mkono mwepesi anavyo.

Wakati wote huo mtoto aendelee kunyonya kama kawaida. Usikamue kwa nia ya kulimaliza titi, kwani mwili utadhani maziwa yanahitajika zaidi na kuyaongeza. Vaa sidiria inayoshika bila kubana; parasetamoli au ibuprofeni, kwa asiyekatazwa dawa hizo, hupunguza maumivu na haimzuii mama kunyonyesha.

Saa 24 zikipita bila nafuu, au homa na baridi ya mwili vikizidi, nenda kituo cha afya, maana huenda bakteria wameingia na antibayotiki inahitajika. Bonge gumu lisilopungua, au usaha, huweza kuashiria jipu, nalo huhitaji daktari alitoe usaha, mara nyingi kwa sindano. Mama anayeishi na VVU asisubiri hata saa hizo 24: apate ushauri mapema kuhusu kunyonyesha kwa titi hilo.