Mababu wa Ayalandi kabla ya 1864: tafuta kitongoji kwanza, jina baadaye

Serikali ilianza kuandikisha vizazi, vifo na ndoa za watu wote Ayalandi tarehe 1 Januari 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilitangulia, kuanzia tarehe 1 Aprili 1845. Ukirudi nyuma ya hapo unabaki na vitabu vya makanisa na orodha za kodi ya ardhi, na vyote vimepangwa kwa mahali. Ndiyo maana anayeanza kwa kuandika "Patrick Murphy, 1835" kwenye kisanduku cha kutafutia hupotea mapema: Murphy ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini humo, na akina Patrick hawahesabiki. Atapata mia, atampenda mmoja, kisha atajenga ukoo wa watu wengine.

Unachohitaji ni kitongoji, yaani kipande cha ardhi chenye jina na mipaka yake. Viko zaidi ya 60,000, vingine vya ekari chache tu. Kitongoji kimo ndani ya parokia ya kiserikali, parokia ndani ya kaunti. Parokia ya Kikatoliki ni kitu kingine kabisa. Mipaka yake hailingani na ile ya kiserikali na mara nyingi hata jina ni tofauti. Andika zote mbili kwenye daftari lako tangu siku ya kwanza.

Jina la kitongoji hupatikana zaidi kule walikohamia. Cheti cha kifo cha Marekani kwa kawaida kitasema "Ireland" na kunyamaza. Soma jiwe la kaburi, kitabu cha ndoa cha kanisa, na matangazo ya kutafuta ndugu waliopotea yaliyochapwa katika gazeti la Boston Pilot kuanzia 1831 hadi 1921, ambayo mara nyingi hutaja parokia. Kama kuna ndugu aliyefia Uskoti, una bahati: tangu 1855 vyeti vya kule vya ndoa na vya vifo vina sehemu ya majina ya wazazi wote wawili, pamoja na ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Cheti cha kifo cha Ayalandi hakitaji wazazi. Cha ndoa kinataja baba wa bwana na wa bibi harusi, kwa hiyo mdogo wake babu yako aliyeoa 1870 anaweza kukupa jina la baba aliyezaliwa karne iliyotangulia.

Sensa usizitegemee. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ghala la nyaraka la Four Courts mjini Dublin liliungua, na sensa za 1821 hadi 1851 zikateketea isipokuwa vipande vichache, kwa mfano vya kaunti ya Cavan. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe. Za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kuna mlango mdogo wa nyuma, nao hupuuzwa mno. Pensheni ya wazee ilipoanza Januari 1909, mwenye kudai alitakiwa kuthibitisha miaka 70. Wengi hawakuwa na cheti, hivyo maofisa waliwatafuta katika sensa za 1841 na 1851 na kuandika walichokiona. Fomu hizo zimebaki, zina majina ya wazazi na kitongoji, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa imeziweka mtandaoni bure.

Sasa nenda kwenye uthamini wa Griffith, orodha ya wenye ardhi na nyumba iliyotengenezwa kwa ajili ya kodi, iliyochapwa kaunti kwa kaunti kati ya 1847 na 1864. Inatafutwa bure kwenye tovuti ya Ask About Ireland. Usiishie kwenye jina. Soma mstari wote. Namba ni ya kiwanja kwenye ramani. Herufi kubwa (3A, 3B) ni vipande tofauti vya mtu mmoja. Herufi ndogo ni nyumba: mtu wa 3b mwenye nyumba bila shamba huenda ni kibarua aliyepangishwa na mkulima wa 3a. Jina lililo kwenye mabano baada ya mpangaji, kama "Patrick Murphy (James)", huwa la baba yake, limewekwa ili kumtofautisha na Patrick jirani. Hapo umeruka kizazi kizima kwa neno moja! Angalia pia mwaka wa kaunti yako. Aliyeondoka Mayo wakati wa njaa ya 1845–1852 hatakuwemo, kwa kuwa huko wathamini walichapa baadaye.

Huyo mtafute katika vitabu vya zaka vya 1823–1837, yaani orodha za malipo ya wakulima kwa Kanisa la Ayalandi, ambalo ni la Kianglikana. Vinataja wenye kulima tu, si watu wa mjini wala vibarua wasio na shamba. Ekari zake kwa kawaida ni za Kiayalandi, ambayo moja ni takriban 1.62 za kawaida; shamba "lililokua" kati ya zaka na Griffith pengine halikuongezeka hata hatua moja.

Ukishaijua parokia ndipo ufungue vitabu vya Wakatoliki. Vilikaa parokiani, havikupelekwa Four Courts, na hilo ndilo lililoviokoa. Maktaba ya Taifa imeweka picha zake bure hadi karibu 1880. Mijini vingi huanza karne ya 18, vijijini magharibi aghalabu baada ya 1820. Mstari huwa hivi: "Bapt. Jacobum f.l. Patricii Murphy et Brigidae Walsh. Sp. Joannes Murphy et Honora Kelly." Yaani James, mtoto wa ndoa wa Patrick na Bridget, baada ya "Sp." ni wasimamizi wa ubatizo, John na Nora. Kiini kiko kwa wasimamizi. Aghalabu ni kaka wa baba au dada wa mama, kwa hiyo wanakili wote, kwa kila mtoto. Mama huandikwa kwa ukoo wake wa kuzaliwa, jambo linalosaidia sana.

Kwa Kanisa la Ayalandi, zaidi ya nusu ya vitabu viliungua. Anza na orodha ya vilivyobaki katika maktaba ya kanisa hilo Dublin. Wapresbiteri watafute PRONI, hifadhi ya nyaraka ya Ayalandi ya Kaskazini, mjini Belfast.

Tahajia isikufunge: O' na Mc mwanzoni mwa majina ya ukoo ziliachwa na kurudishwa ovyo, na McGowan huweza kuwa Smith. Umri nao ulikadiriwa, basi tafuta miaka mitano mbele na mitano nyuma. Desturi ya kumwita mwana wa kwanza kwa babu mzaa baba, na wa pili kwa babu mzaa mama, ni dokezo tu.

Ukibaki na akina James wawili waliobatizwa parokia moja, wafuate wote wawili kwenda mbele. Mmoja akionekana ameoa hapohapo baada ya wako kufika New York, mfute. Mtoto mwingine wa wazazi walewale akipewa jina James miaka mitatu baadaye, huenda wa kwanza alifariki.