Jinsi ya kuomba ruhusa ya kutumia vipande vya katuni kwenye mhadhara wa sayansi

Ukialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Arusha kuhusu volkano, mifano iko karibu. Mlima Meru unaonekana kutoka mjini, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Ol Doinyo Lengai, upande wa kaskazini magharibi, bado uko hai. Hata hivyo, volkano ambayo wanafunzi wengi wanayo kichwani wameitoa kwenye katuni: mlima unatetemeka, kisha uji mwekundu unamwagika. Ndiyo maana kipande cha katuni kinafaa sana kuanzia somo, na ndiyo maana ninasisitiza kipatikane kihalali. Mwalimu anayefundisha kwa kazi ya mtu aliyoichukua bila idhini anawafundisha watoto jambo la pili ambalo hakulikusudia.

Anza na swali, katuni ifuate baadaye. Kwa mfano: kwa nini lava ya Lengai si nyekundu? Lava ya Hawaii hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 za Selsiasi hivi, kwa hiyo inang'aa. Ya Lengai imejaa kaboneti za sodiamu na hutoka kwenye nyuzi kati ya 500 na 600 tu. Mchana unaiona nyeusi kama matope, na ikishapoa na kupata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Sasa una kazi ya kuipa katuni. Onyesha sekunde 20 za lava nyekundu, simamisha, waulize wanafunzi ni kipi hapo kisichofanana na Lengai. Kipande ambacho hakina swali nyuma yake kiache, hata kama kinachekesha.

Ukikipata, andika jina la katuni, namba ya sehemu, mwaka, na dakika na sekunde kinapoanzia na kinapoishia. Maelezo hayo ndiyo moyo wa ombi lako. Mtu anayeandika "naomba kutumia katuni zenu" hamwachii mwenye mali cha kumjibu.

Kisha mtafute mwenye haki. Usiende kwa kituo cha televisheni, kwa kuwa mara nyingi chenyewe kimenunua haki ya kurusha tu. Tazama maandishi ya mwisho kabisa ya katuni, pale penye alama ya © na mwaka. Jina lililo hapo ndilo la kuandikiwa. Kama ni kazi ya Kitanzania na jina halieleweki, uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ambayo husajili kazi za wabunifu. Na ujue kwamba kulipia king'amuzi au kununua DVD kunakupa haki ya kutazama nyumbani. Ukumbi wenye watu ni jambo jingine.

Je, kuna kazi zisizohitaji barua? Zipo, na ni vizuri kuzipitia kabla hujahangaika. Video nyingi zilizotengenezwa na NASA, na zile za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani inayofuatilia volkano, ziko huru kutumika kwa elimu. Hakikisha tu hazina picha au muziki wa mtu mwingine ndani yake. Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha na video, nayo ina michoro inayotembea yenye leseni huria. Kwingineko utakutana na kazi zenye leseni za Creative Commons, ambazo mtunzi huzitumia kutangaza mapema anachoruhusu. Soma leseni yenyewe: BY inataka umtaje mtunzi, NC inakataza biashara, ND inakataza kusambaza kazi uliyoibadilisha. Hiyo ND iangalie kwa makini kama unapanga kuingiza sauti ya Kiswahili juu ya video, maana kutafsiri ni kubadilisha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inaruhusu kutumia kazi ya mtu kama mfano wa kufundishia, kwa kiasi cha haki, mradi utaje chanzo na mtunzi. Darasani nafuu hiyo inaweza kukutosha. Mhadhara wa wazi wenye mabango, wadhamini au kiingilio, mimi ningeomba ruhusa.

Barua iwe fupi. Kwa studio ya hapa nchini unaweza kuandika hivi:

"YAH: OMBI LA KUONYESHA KIPANDE CHA KATUNI CHA SEKUNDE 20

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, Arusha. Naomba ruhusa ya kuonyesha kipande cha katuni yenu, sehemu ya 4, dakika 6:10 hadi 6:30, kwenye mhadhara kuhusu volkano kwa wanafunzi wa kidato cha pili wapatao 80. Hakuna kiingilio. Kipande kitaonyeshwa mara moja, hakitabadilishwa, hakitagawiwa wala kuwekwa mtandaoni. Jina lenu litaonekana kwenye skrini. Kama kuna ada au masharti, naomba kufahamishwa."

Taja tarehe na ukumbi, weka saini na namba ya simu, ambatisha barua ya mwaliko. Studio za nje waandikie kwa Kiingereza, kupitia anwani ya barua pepe ya masuala ya leseni iliyo kwenye tovuti yao. Tuma mapema, kumbusha mara moja kwa adabu, na wakikaa kimya usihesabu kimya hicho kuwa kibali. Andaa mchoro wako mwenyewe au video huria kama akiba.

Kwa shule ya serikali, zungumza kwanza na mkuu wa shule. Atakueleza kama barua yako ipite kwa mkurugenzi wa halmashauri. Siku yenyewe njoo na kipande kwenye flashi, kwa faili uliyopewa na mwenye kazi au iliyoruhusiwa kupakuliwa. Usitegemee bando. Chapa nakala ya kibali uwe nayo.

Kama kuna mtu atarekodi mhadhara na kuupandisha YouTube, zima kamera wakati wa kipande au uombe ruhusa ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa ya ukumbini tu.