Jinsi ya kuomba mradi wa maji wa kijiji kupitia RUWASA

Kijiji hakipewi fedha mkononi. Tangu Julai 2019, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, miradi ya maji vijijini Tanzania inasimamiwa na RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Mnachoomba ni kuingizwa kwenye mpango na bajeti ya wilaya. Barua inayosema tu kwamba wananchi wanateseka haisogei. Inayosogea ni yenye hesabu.

Anzeni na chanzo. Kama ni chemchemi, ipimeni mwisho wa kiangazi, Septemba au Oktoba. Vipimo vya masika hudanganya. Zibeni kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yote yapite kwenye kipande cha bomba, tegeni ndoo ya lita 20, hesabuni sekunde mpaka ijae. Rudieni mara tano mchukue wastani. Ikijaa kwa sekunde 40, chanzo kinatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea (kilula) kihudumie watu 250. Kwa kiwango hicho, kijiji cha watu 3,000 kinahitaji lita 75,000 kwa siku na vilula 12. Chemchemi hiyo peke yake haitoshi, na ni heri kulijua sasa kuliko kuona vilula vya mlimani vikikauka bomba likiwa limeshafukiwa.

Pasipo chemchemi, msichimbe kwa kubahatisha. Ombeni RUWASA wafanye utafiti wa maji chini ya ardhi. Kibali cha kuchimba hutoka bodi ya maji ya bonde lenu. Mikoa kama Arusha, Manyara na Singida ina maeneo yenye floraidi nyingi, kwa hiyo sisitizeni maji yapimwe maabara kabla mradi haujasanifiwa.

Kisha itisheni mkutano mkuu wa kijiji. Azimio la halmashauri ya kijiji pekee halitoshi, na hapa ndipo maombi mengi hukwama: muhtasari unapelekwa bila orodha ya mahudhurio, au bila saini za mwenyekiti na mtendaji, au bila mhuri. Andikeni azimio waziwazi: mnaomba mradi gani, chanzo kipi, vitongoji vipi vitahudumiwa, na kwamba wananchi wamekubali kulipia maji.

Ardhi ya chanzo, tenki, vilula na njia ya bomba ipatikane kwa maandishi. Mzee akitoa shamba kwa mdomo, akishafariki warithi wanamsimamisha fundi mtaroni. Asaini yeye, mwenza wake na watoto wakubwa, mbele ya mtendaji. Hakikisheni pia hakuna kilimo ndani ya mita 60 za chanzo, maana sheria ya mazingira inakataza.

Peleka muhtasari kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu andikeni barua kwa Meneja wa RUWASA wa wilaya, nakala kwa Mkurugenzi wa halmashauri, diwani na mbunge. Ambatisheni vipimo, idadi ya kaya kwa kila kitongoji, hati za ardhi na mchoro wa kijiji. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Jitahidini barua ifike kabla ya Novemba kwisha: Bunge hujadili bajeti Aprili hadi Juni na mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini wilaya huandaa mapendekezo yake miezi mingi kabla.

Mkisubiri jibu, andaeni watu wa chombo cha watumia maji, CBWSO, ambacho ndicho kitaendesha mradi: wenye kuweka kumbukumbu, wanawake wakiwemo, pamoja na fundi wa hapo hapo kijijini. Bei ya ndoo ipangwe kwa kuhesabu umeme au dizeli, posho ya fundi, koki zinazochakaa na akiba ya pampu. Ikipangwa kwa huruma tu, pampu ikiungua hakuna cha kununulia nyingine.