Kuishi na Gari Linalofunga Breki Lenyewe
Subaru ilianza kuuza mfumo wa EyeSight, unaotazama barabara na kufunga breki wenyewe, nchini Japani mwaka 2008, na baadhi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa huja nao. Macho yake ni kamera mbili zilizo nyuma ya kioo cha mbele, upande wa juu. Kwa hiyo usibandike stika wala usitundike pambo mbele yake, na kioo kikipasuka usikubali fundi abadilishe kioo peke yake bila kamera kupimwa na kurekebishwa upya, maana iliyopinda hata kidogo hukadiria umbali vibaya. Hapa ndipo wengi hubania pesa, na mimi naona ni kubania pasipofaa.

Mvua kubwa, vumbi au jua la machweo huweza kuusimamisha mfumo kwa muda, nayo dashibodi hukujulisha. Bodaboda akikuchomekea ghafla, gari linaweza kufunga breki kabla yako, lakini ukikanyaga mafuta kwa nguvu kwa mshtuko unaweza kuukatiza. Gari likikokotwa, au likipimwa breki juu ya mashine ya rola, zima kwanza swichi ya mfumo.