Montenegro: usiishie ufukweni

Wageni wengi wa Montenegro hufikia Budva, mji wa pwani, huota jua siku zote, kisha hao wamerudi kwao. Nakusihi usifanye hivyo. Nchi nzima haifiki kilomita za mraba 14,000, na humo mna bahari ya Adriatiki na vilele vya zaidi ya mita 2,500. Gawa siku zako: nusu pwani, nusu juu.

Viza kwanza, maana hapa ndipo safari huharibika. Montenegro hutumia yuro, lakini haimo Umoja wa Ulaya wala Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukishukia Dubrovnik, Kroatia, iliyomo Schengen, ukavuka mpaka kwa basi, umeshatoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, hutarudi kupanda ndege yako. Omba ya kuingia mara nyingi. Ukilala nyumba ya kupangisha badala ya hoteli, mkumbushe mwenyeji akuandikishe siku hiyohiyo.

Pwani, lala Kotor, si Budva. Mji mkongwe umezungukwa na kuta zinazopanda mlima, na ngazi kama 1,350 zinakupeleka hadi ngome iliyo juu. Panda alfajiri, kabla mawe hayajashika moto na meli kubwa za watalii hazijatia nanga. Mchana nenda mji mdogo wa Perast, uchukue boti hadi Gospa od Škrpjela, kisiwa kilichojengwa na mabaharia kwa kuzamisha mawe na merikebu kuukuu. Kila Julai 22, jua likizama, wenyeji hutoka kwa msururu wa mashua kwenda kumwaga mawe mengine. Kama huwezi kufika kwa ajili ya jioni hiyo, epuka Julai na Agosti. Septemba bahari bado ina joto na barabara zinapitika.

Kutoka Kotor, panda ile barabara ya kona kali hadi kijiji cha Njeguši. Dereva asiyezoea milima aende polepole, asipite usiku. Kula jibini la pale. Nyama yao maarufu ya kukausha ni ya nguruwe, basi asiyeila ajue. Mbele kidogo ni mlima Lovćen, na ngazi 461 hadi kaburi la Njegoš, askofu, mtawala na mshairi aliyefariki mwaka 1851.

Kisha Žabljak, mji wa milimani, na hapa kaa usiku zaidi ya mmoja. Beba sweta hata kiangazi. Zunguka ziwa la Crno jezero kwa miguu asubuhi, halafu nenda daraja la Đurđevića Tara, lililo mita 172 juu ya mto. Lilikamilika mwaka 1940. Mwaka 1942, Lazar Jauković, mmoja wa wahandisi walioshiriki kulijenga, aliwasaidia wapiganaji kulipua tao lake moja ili kuwazuia wavamizi wa Kiitaliano. Baadaye Waitaliano walimkamata na kumpiga risasi juu ya daraja hilohilo. Mimi kwangu hapo panazidi fukwe zote za Budva.

Kushuka tena baharini, panda treni mji wa Kolašin kwenda bandari ya Bar, mchana, ukae dirishani. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1976, na daraja lake la Mala Rijeka lina kimo cha karibu mita 200. Nauli ni ndogo. Nunua tiketi stesheni, na usipange kupanda ndege siku hiyohiyo, kwa sababu treni huchelewa.