Kabla hujawaita vijana wa kujitolea huku nyanda za juu

Ukitaka watu waje kujitolea Makete, Njombe au Mbeya, andaa mambo haya mapema. Usisubiri washuke kwenye basi ndiyo uanze kuhangaika.

Chakula kiwe cha moto na kwa saa zinazojulikana. Nauli mpe mtu mkononi kabla hajasafiri; hiyo ya "tutarudishiana" inafukuza watu kuliko kazi ngumu. Saa za kazi ziandikwe, siku ya kupumzika iwepo. Buti, glavu, maji ya kunawa, choo chenye komeo. Wasichana na wavulana walale mbalimbali, na awepo mtu wa kupokea malalamiko ambaye siye anayegawa kazi.

Sasa baridi. Hapa naomba unisikilize.

Julai moja tulipokea vijana sita kutoka Dar es Salaam, waje kukarabati madarasa kijijini Makete. Kule Julai unaamka unakuta sakitu nyeupe juu ya majani. Niliwapa magodoro na blanketi moja moja, nikaona nimemaliza. Kila jioni nawauliza, "Mko sawa?" Wananijibu, "Tuko poa, dada." Usiku wa tatu wasichana wakaingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, wakaziba chini ya mlango kwa kanga. Alfajiri mama mpishi akawapelekea maji ya moto. Akagonga, kimya. Tulipousukuma mlango ulikuwa mzito: kanga imejikunja chini ya ubao, na nyuma yake mmoja wao ameanguka, mkono umeelekea kwenye komeo. Tuliwabeba wote watatu hadi nje kwenye nyasi, wanatapika, wanashika vichwa. Walilazwa, wakapona.

Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoizuia damu kubeba oksijeni. Usidanganyike kwamba mkaa ukishashika na moshi ukaisha hauna neno. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu watu hudhani ni malaria. Wakilalamika wawili wa chumba kimoja kwa pamoja, watoe nje kwanza, halafu hospitali.

Baadaye yule aliyeanguka aliniambia waliona aibu kuomba blanketi la pili. "Tulikuja kusaidia, dada, tukaona tusiwe mzigo." Basi acha kuuliza "mko sawa". Uliza nani ameamka usiku kwa baridi. Omba uingie, ushike blanketi kwa mkono wako, uone ni zito au ni shuka tu. Blanketi ziwe mbili kwa kila mtu, na majiko yote usiku yafungiwe nje ya vyumba vya kulala.

Namba ya zahanati na ya dereva zibandikwe ukutani. Masika barabara za udongo zinateleza, usiwapakize wawili kwenye bodaboda moja. Mgeni asitumwe msituni peke yake. Na ukungu ukishuka, safari isubiri hata kama mnasubiriwa huko mnakokwenda.